Mkono Niliouinua Makambini

Nakumbuka Alhamisi moja ya wiki ya makambi ya kanisa, mwanangu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa saba mchana, na turubai letu pale chini ya ukingo wa Manga lilikuwa likivuja kwenye pembe moja. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu, hatua moja kushoto kwa mhubiri, nimevaa koti la kijivu la kuazima. Naanza na siku hiyo kwa sababu nimeambiwa kwamba mwaka huu wewe ndiye utakayesimama mahali pale nilipokuwa nikisimama mimi. Wamekuchagua kwa haki, maana sauti unayo na lugha zote mbili unazo. Ila kuna jambo ambalo hawatakuambia, kwa kuwa wengi waliolishuhudia wamekwisha kulala makaburini, na waliobaki wananistahi.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka pwani. Yeye alisema sentensi kwa Kiswahili, mimi nikaisema kwa Ekegusii, lugha yetu, kisha akaendelea. Vijana hawakunihitaji. Walionihitaji ni wazee, na zaidi akina mama wa mstari wa mbele, waliokaa juu ya mikeka huku wamenyoosha miguu. Hao hawakupata kukaa darasani hata siku moja. Mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi.

Nilikuwa mtafsiri mzuri, na nalisema bila kujisifu kwa sababu ni sehemu ya kosa lenyewe. Mhubiri akishusha sauti, nami nilishusha. Akipiga kifua, nilipiga. Siku moja mhubiri alifuta jasho kwa kitambaa, nami nikafuta langu ambalo halikuwapo, turubai zima likacheka. Watu wa kutoka mbali walikuwa wakiulizana kama Ondieki atatafsiri kabla ya kuuliza ni nani atahubiri.

Sasa nikwambie jambo ambalo kila mtu chini ya turubai lile alilijua, isipokuwa mhubiri.

Baba yetu alipofariki, shamba liligawanywa mara mbili. Kaka yangu Nyamweya alipata sehemu ya juu, karibu na barabara. Mimi nikapata ya chini, kuelekea chemchemi. Kijia cha kwenda majini kilipita katikati ya sehemu yangu, na kilipita hapo tangu zamani za babu. Nikanunua ng'ombe wa gredi na kupanda nepia ya kumlisha. Mbuzi wa Nyamweya, wakishuka kunywa maji, wakaila mara moja, wakaila mara ya pili. Mara ya tatu sikuuliza mbuzi ni wa nani. Nilikwenda soko la Marani nikanunua seng'enge, nikachimbia nguzo za mikaratusi, nikakifunga kijia. Kisha nikapanda nepia juu ya kijia chenyewe, pande zote mbili za waya, ili pasibaki hata alama.

Kutoka kwa Nyamweya hadi chemchemi palikuwa mwendo wa kuimba wimbo mmoja. Baada ya seng'enge ikabidi wazunguke kwa kupitia kituo cha majani chai, wateremke kwenye mawe, kisha wapande tena na mzigo. Ilikuwa karibu saa nzima. Wakati wa mvua, mke wa Nyamweya aliteremka pale kwa kukalia makalio.

Na Mama? Kwetu, kama ujuavyo, mama hukaa upande wa kitinda mimba, na kitinda mimba ni mimi. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yangu. Siku nilipomaliza kukaza waya, alikunja mkeka, akapanga vyungu vyake ndani ya kikapu, akapanda kwa Nyamweya. Hakugombana nami. Alimwambia jirani mmoja tu, "Nitakunywa maji wanayokunywa wao." Miaka miwili ikapita.

Wazee wa kanisa walikuja kunisemesha mara mbili, na kila mara niliwakaribisha vizuri. Niliwaambia, "Nimesikia, wazee wangu. Nitafungua." Niliwasindikiza hadi langoni. Walipokwenda kwa Nyamweya kumwambia awafunge mbuzi wake, aliwajibu akiwa amesimama mlangoni, bila hata kuwapa kiti, "Sifungi mbuzi. Mwambieni afunge nepia yake." Wiki hiyohiyo mbuzi wakafungwa. Mimi nepia yangu niliipalilia.

Turudi Alhamisi. Mhubiri alifungua mfano wa yule baba mwenye wana wawili. Alimwendea wa kwanza akamwambia aende kufanya kazi shambani, naye akakataa waziwazi, lakini baadaye akajuta akaenda. Akamwendea wa pili, naye akajibu kwa adabu kwamba anaenda, asiende.

Mwanangu, nilimtafsiri yule mwana wa pili kwa ufundi wote niliokuwa nao. Nilimpa sauti laini. Niliinama kidogo kama mtu anayepokea baraka. Kisha nikaongeza maneno ambayo mhubiri hakuyasema: "Naam, baba, naenda sasa hivi, hata chai sinywi." Turubai lilitikisika kwa kicheko. Mhubiri alinitazama asijue wanacheka nini, akacheka naye.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kilio cha mtoto katika nyumba ya pili.

Mwishoni mhubiri akasema, "Kama wewe umemwambia Mungu 'naenda' na bado hujaenda, na leo umeamua kwenda, inua mkono." Akainua wake kuonyesha. Nami nikasema kwa Ekegusii, nikainua wangu, juu kabisa, kama nilivyozoea. Mkono ule ulikuwa wa kazi. Niliushusha mhubiri aliposhusha wake. Lakini niliona Mama ameukazia macho, kisha akajifuta uso kwa ncha ya leso.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nikikamua. Nikasikia nepia ikivunjwa huko juu, nikadhani ni mbuzi. Nilichukua fimbo nikapanda mbio, nimekwisha kuiinua.

Alikuwa Mama. Alikuwa amesimama upande wa pili wa seng'enge, katikati ya majani marefu kuliko yeye, ameloa umande hadi kiunoni. Mkono mmoja alishika bakora, mkono wa pili kidumu cha plastiki cha rangi ya manjano, kile kidogo cha lita tano. Majani ya nepia yalikuwa yamemkatakata mikononi.

Niliiteremsha fimbo. "Mama, unafanya nini huku?"

"Nakwenda kuteka maji."

"Njia imefungwa."

"Naona. Nimefuata waya hadi mwisho wake, nikadhani labda umefungulia upande ule mwingine." Akapumua kidogo. "Jana nilikuona umeinua mkono."

"Nilikuwa natafsiri, Mama."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya mbali. "Unatafsiri na mkono?"

"Mhubiri akiinua, nami nainua. Ndivyo kazi ilivyo."

"Na yule mtoto aliyesema naenda, yule wa chai, naye ulikuwa unamtafsiri tu?"

Nikamwambia kuna umande, arudi nyumbani, nitamtuma mtu amletee maji.

"Watu wa kuniletea maji ninao," akasema. "Wa kuniletea neno ndiye sina. Mimi sisomi, Ondieki. Kila neno la Mungu nililo nalo lilipita mdomoni mwako."

Akageuka. Nilisikia nepia ikivunjika tena, polepole, akipanda. Na hapa kuna jambo linalonishtua mpaka leo, nikiwa na mvi na meno haba. Nilirudi zizini nikamaliza kukamua. Nikachuja maziwa. Nikavaa lile koti la kijivu, nikaenda makambini, na siku hiyo nikatafsiri mahubiri matatu bila kukosea neno.

Sabato ilikuja na watu wengi kuliko siku zote. Walitoka Nyamira, wakatoka upande wa Kisii, wengine wakakaa nje juu ya nyasi kwa sababu turubai lilikuwa limejaa. Kwaya ilipomaliza, mhubiri alisimama na mimi nikasimama. Alifungua Biblia. Kabla hajatamka neno, Mama akainuka kutoka kwenye mkeka.

Wanawake wa umri wake hawakuwa wakisimama katikati ya ibada. Hata kukohoa walikohoa ndani ya leso. Alijishikilia kwa bakora, akawatazama wazee waliokaa nyuma ya mimbari, wala si mimi, akasema kwa Ekegusii, bila kupaza sauti:

"Nitafutieni mdomo mwingine. Huu umefunga njia ya maji."

Mhubiri, ambaye hakuelewa hata neno moja, alinigeukia kwa tabasamu. "Mama anasema nini, ndugu?"

Nami nikamjibu, "Mama anashukuru. Anasema amebarikiwa sana na masomo ya wiki hii."

Karibu nusu ya watu waliokuwa pale walijua lugha zote mbili, na hao wote walikuwa wamesikia alichosema Mama na nilichosema mimi. Mahali fulani nyuma mwanamume mmoja alisema "Eh!" kama mtu aliyechomwa na mwiba. Nilikuwa nimedanganya mimbarini, mchana, mbele ya mama yangu, na uongo wenyewe ulikuwa umetoka mdomoni kwa urahisi, kwa sauti ileile nzuri.

Mzee Ombati ndiye aliyekuwa mzee wa kwanza, yaani kiongozi wa wazee wa kanisa letu. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena mfupi wa kimo. Hakusimama. Alisema akiwa kitini:

"Ondieki. Tafsiri."

"Nimetafsiri, mzee."

"Hapana. Umejibu. Tafsiri."

Basi nikamgeukia mhubiri, nikayasema kwa Kiswahili kama kazi inavyotaka, neno kwa neno: "Nitafutieni mdomo mwingine. Huu umefunga njia ya maji."

Tabasamu lake likaondoka. "Njia gani?"

Nikamgeukia Mama nikamuuliza kwa Ekegusii, maana mtafsiri hajibu kwa niaba ya mtu. Naye akanijibu, "Mwambie unaijua."

"Anasema naijua," nikamwambia mhubiri.

Ndipo nikaeleza. Nilieleza seng'enge, na nepia, na mawe ya kule kituo cha majani chai, na jinsi shemeji yangu anavyoteremka. Nilieleza habari za Ijumaa asubuhi na fimbo niliyoiinua. Nilisema kwa Kiswahili ili mhubiri aelewe, kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kunitafsiria, nikarudia kila sentensi kwa Ekegusii ili mstari wa mbele uelewe. Nilikuwa nimetafsiri kwa miaka sita. Siku hiyo ndiyo ya kwanza ambayo sentensi ya kwanza na ya pili zote zilikuwa zangu. Na nilipozisikia mara mbili, kwa lugha mbili, sikupata mahali pa kujificha katikati yake.

Mhubiri alifunga Biblia yake. "Mimi nitakaa kwanza," akasema, akakaa.

Unadhani hapo nilikuwa nimesikia? Bado. Moyo wa mtu ni mgumu kuliko unavyofikiri, mwanangu. Nilijipangusa uso nikawatangazia watu, kwa lugha zote mbili, "Kesho asubuhi nitafungua. Leo ni Sabato."

"Kesho," Mzee Ombati akasema.

Kisha kutoka kwenye mikeka ya mbele, bibi mmoja aliyekaa ubavuni mwa Mama, mtani wangu wa siku nyingi, akasema kwa sauti laini niliyoitambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeitunga mimi mwenyewe siku ya Alhamisi:

"Naam, baba, naenda sasa hivi, hata chai sinywi."

Safari hii hakucheka mtu yeyote.

Nilishuka mimbarini. Nilipita katikati ya watu waliokaa nyasini, wakisogeza miguu kunipisha bila kunitazama. Kutoka hapo hadi kwangu si mbali. Nilichukua panga na koleo, nikaenda kwenye seng'enge na koti langu la kuazima mwilini, nikaanza kufyeka nepia. Kwetu nepia ya Sabato hukatwa Ijumaa. Sabato yenyewe hata jembe halisikiki kijiji kizima, kwa hiyo mlio wa panga langu ulikwenda mbali.

Nyamweya hakuwa mtu wa kanisa, na hakuwa makambini. Alitokea juu, amevaa gambuti, akasimama upande wake wa waya akinitazama.

"Ng'ombe wako hajui Sabato?" akauliza.

"Sikati ya ng'ombe. Nafungua njia."

"Leo?"

"Leo."

"Wazee watakufuta kanisani."

"Wanajua niliko."

Akatema mate pembeni. "Usifikiri nitakusaidia. Ulifunga mwenyewe, fungua mwenyewe." Akageuka akaenda zake.

Sikumlaumu. Niliendelea. Nepia ya miaka miwili ina mizizi kama ngumi, na kijia kile kilikuwa kimepotea hata mimi niliyekizika sikujua vizuri kilipopita. Nilikata nikang'oa, jasho likanitoka, la kweli safari hii. Nilipopumzika kidogo nikasikia mlio mwingine. Nilidhani ni mwangwi wa panga langu, lakini langu lilikuwa limenyamaza. Ulitoka juu, ndani ya majani, upande wa Nyamweya.

Hakuja kusema neno. Alikuwa akikata kutoka kwake akishuka, nami nikikata kutoka kwangu nikipanda, na tulipofika kwenye waya tulikuwa tukitazamana. Alishika upande mmoja wa seng'enge ili usiniruke usoni, nami nikaikata kwa koleo. Waya uliporuka ulichana koti begani. "La nani hilo?" akauliza. Nikamwambia. Akasema, "Utajua mwenyewe," na hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza ya kindugu tuliyokuwa nayo kwa miaka miwili.

Nilikuwa nimemwigiza mwana wa pili mbele ya umati mkubwa, na watu wakanisifu. Wa kwanza nilikuwa naye nyumbani maisha yangu yote, na sikumtambua mpaka aliponishikia waya.

Jumapili asubuhi nilikuwa nikikamua. Mama aliteremka na kidumu chake cha manjano. Alinipita bila kunisalimia. Nilihesabu hatua zake hadi zilipopotea chini, nikangoja, nikazisikia zikirudi, nzito zaidi. Zilisimama mlangoni pa zizi.

"Lete kikombe," akasema.

Nilileta. Akakijaza maji, akanitazama nikiyanywa yote. Kisha akasema, "Makambi yajayo usimame karibu na sisi kidogo. Siku hizi sisikii vizuri." Akainua kidumu chake akapanda.

Hakudai tena mdomo mwingine. Lakini mwanangu, tangu siku hiyo, kila niliposimama pale, nilijua mstari wa mbele haukuwa ukisikiliza tu ninachosema. Ulikuwa umeshapita kwangu asubuhi ukaangalia kama njia iko wazi.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi ili usije ukasema mzee alikuachia fumbo. Utakapotafsiri mifano ya Bwana, usifurahie tu kwamba umeipata lugha yake. Mfano haujafika kwa sababu tu umeupokea kwa sikio moja na kuutoa kwa mdomo. Mimi niliupeleka kwa watu wengi, wakalia, wakabadilika, nami nilibaki vilevile, kama gunia lililobeba mbegu lenyewe lisiote kitu. Kabla hujasema sentensi ya pili, jiulize kama ya kwanza ilikuwa inakutafuta wewe. Ikiwa ilikuwa inakutafuta, usiahirishe hadi siku ambayo itakufaa. Mimi nilitumia hata siku takatifu kuwa kisingizio.

Na ninyi wengine mtakaosoma haya, msidhani ni maneno ya mtafsiri peke yake. Siku hizi mahubiri yanaingia kwenye simu asubuhi, na kabla hayajamaliza kuzungumza mmekwisha kuyatuma kwa shangazi, kwa kikundi cha kwaya, kwa shemeji aliye Suneka. Ni vizuri. Lakini kuna mtu karibu nawe aliyeona umeinua mkono. Ameamini. Huenda kesho asubuhi atafunga safari kuja kupita mahali ulipofunga, amebeba chombo kidogo. Afike akute nini?

Chemchemi sasa imejengewa saruji, na Mama hayupo tena. Kijia bado kipo. Vijana wa bodaboda wanajaribu kukipita wakati wa kiangazi, nami nawafokea, lakini siwazuii.

Nenda basi, mwanangu, kasimame kando ya mhubiri. Mungu akupe masikio yanayotangulia mdomo wako. Akupe watu wa mstari wa mbele wasiokuogopa. Na popote utakapoinua mkono, mama yeyote atakayeuamini akute njia imefyekwa, akateke maji yake, arudi nyumbani salama.